Chaki ya Argante

Leo ni tarehe 30 Novemba 1994, miaka arobaini na saba tangu nihame mji wangu wa Pola, na thelathini na minane tangu Argante Ceccarini aanze kuonja mvinyo wa ushirika wetu hapa Montefiascone. Kesho anastaafu, nasi tutapumua.

Hadithi ya jina la mvinyo wetu kila mgeni huja ameshaijua nusu. Askofu mmoja wa Ujerumani, akienda Roma, alimtanguliza mtumishi wake Martino aonje mvinyo njiani. Penye mzuri, aandike mlangoni kwa Kilatini Est, yaani "upo". Hapa Martino aliandika mara tatu. Askofu akanywa mpaka akafa, na mvinyo ukaitwa Est! Est!! Est!!!

Wageni humcheka askofu, na hapo ndipo Argante huchoka nao. Kwake mwenye hadithi ni Martino, aliyeonja kwanza ndipo akaandika. Kwa hiyo kila mwaka huandika neno hilo kwa chaki kwenye pipa lililomridhisha tu.

Mwaka 1984, baada ya mvua ya mawe, hakuandika hata moja. Basi la wageni lilipofika, meneja Fabrizi alijiandikia mapipa kumi na mawili. Argante alimfuata nyuma akifuta kwa aproni.

"Mzee, ukaidi wako utatufungia ushirika."

"Umeonja lipi, bwana meneja?"

Hakuwa ameonja. Mvinyo ule uliuzwa kwa bei ya chini, bila jina la Est! Est!! Est!!!, na wakulima hawakumsalimu Argante mwaka mzima. Ni mtu wa kuchosha. Mimi, karani wa ushirika, nimeandika barua nyingi za kumwombea radhi kuliko za kuuza mvinyo.

Tangu Machi tumebishana nani atashika chaki. Fabrizi alitaka neno lipakwe rangi kwenye mapipa yote, lidumu. Jumatatu Argante alimwita Loredana Paoletti wa maabara, akampa glasi kutoka pipa la saba, alilokwisha kuliandika mwenyewe. Loredana alionja, akatema. Kisha akalifuta neno la mzee kwa kiganja.

Argante akaonja tena, taratibu.

"Ulimi wangu umezeeka, binti," alisema, akamkabidhi chaki.

Ahsante, Argante, kwa kutusumbua. Uzee wako uwe mwema, na asikuulize mtu habari za askofu. Fabrizi amemwomba Argante aje kila Jumamosi kuwasimulia wageni hadithi hiyo.

Hatarudi.