Labib Tadros Ghattas, Mlinzi wa Ukoka wa Bustani ya Narjis

Baba Padri, ndugu zetu, majirani wa Muharram Bek, na ninyi wa Bustani ya Narjis mliokuja na sare zenu za kazi, naomba mnisikilize kabla kahawa haijapoa mikononi mwenu. Mimi ni Tahani, mtoto wa dada yake marehemu, na nimepewa kazi hii kwa sababu, kama alivyosema binamu yangu Nassim, yeye akianza kusoma atalia, na mimi nikianza kusema hakuna wa kuninyamazisha.

Mjomba wetu Labib Tadros Ghattas alizaliwa tarehe 3 Februari 1941, hapa hapa Aleksandria, mtaa wa Muharram Bek, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu mzee Tadros, mwoka mikate, na marehemu Bi Estir, mwaka ambao mabomu ya vita vya wakubwa yalikuwa yakianguka bandarini, na bibi yetu alizoea kusema kwamba mtoto huyu alitoka tumboni amekunja uso, akatazama hali ya dunia, akaona hakuna sababu ya kuukunjua.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa kuanzia mwaka 1947, kisha akaenda shule ya sekondari ya kilimo kule Damanhur, akamaliza mwaka 1959, na aliporudi baba yake alikuwa amekwisha kumshonea aproni ya tanurini. Akakataa kuivaa. "Maua hayaliwi, mwanangu," mzee akamwambia, na Labib akajibu, "Mkate nao ukiliwa umekwisha, baba," jibu ambalo lilimnyima chakula cha jioni siku hiyo na likambakizia mlango wa pili wa riziki, maana mwezi Machi 1960 aliajiriwa kuwa kibarua wa bustani za mji, akapangiwa Narjis.

Wengi wenu mnaijua bustani hiyo tangu mlipokuwa mkibebwa mgongoni, lakini mnaijua kama ilivyo sasa. Mwaka 1967 Labib aliitwa jeshini, akakaa huko hadi Januari 1974, na katika miaka hiyo alipata ruhusa chache, mojawapo ikiwa ya tarehe 9 Novemba 1969, alipofunga ndoa na Bi Afifa Habib, mwalimu wa ushonaji, mvua ikinyesha mpaka bwana harusi akaingia kanisani viatu vimejaa maji. Mtoto wao wa kwanza, Irini, alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1970, na Nassim akafuata mwaka 1975, baba akiwa amerudi nyumbani moja kwa moja.

Aliporudi kutoka vitani aliikuta Narjis haina katikati. Mawaridi ya kando ya ukuta yalikuwepo, misipresi ilikuwepo, bwawa lilikuwepo na mabata wawili wenye hasira, lakini uwanja wote wa kati ulikuwa umechimbwa mahandaki ya kujificha na kisha kufukiwa ovyo, ukawa vumbi na vipande vya matofali, na upepo wa baharini ukivuma mji mzima ulikula vumbi hilo. Labib aliomba kazi ya kupanda ukoka pale, na akaupanda kwa mkono, kipande kwa kipande, mizizi akiileta kwa mkokoteni kutoka kando ya mfereji wa Mahmudiya, amepiga magoti kutoka ukuta hadi ukuta, msimu mzima wa kuchipua na kiangazi chote, na mtu aliyekuwa amezika wenzake kwenye mchanga wa jangwa, kama alivyokuwa yeye, hatukuhitaji kumuuliza kwa nini alitaka kuona ardhi imefunikwa kijani. Hakuwahi kusema. Mkewe ndiye aliyetuambia kwamba katika miezi hiyo ndipo alipoanza tena kulala.

Mwaka 1976 akafanywa msimamizi wa bustani, akapewa kofia na kipenga, na hapo, ndugu zangu, tusimpambe marehemu, ndipo matatizo yalipoanza. Narjis ikawa bustani inayosifiwa mji mzima, watu walikuja kuitazama kutoka Kairo, wachumba walikuja, wazee walikuja kuota jua la Januari baada ya dhoruba, watoto walikuja kuwatupia mabata mikate, na wote waliruhusiwa kila kitu isipokuwa kukanyaga ukoka. Akiona kiatu kimevuka ukingo, kipenga kililia, na kilikuwa kinasikika hadi barabara ya pwani. Mtaani walimwita Bwana Toka. Nassim shuleni aliitwa Mtoto wa Toka.

Siku ngumu kuliko zote ilikuwa Sikukuu ya Kunusa Upepo, kesho yake ya Pasaka, wakati Waislamu na Wakristo wa mji huu wanapotoka na samaki wao wa chumvi na vitunguu kwenda kukaa bustanini, na Mjomba aliitumia sikukuu hiyo kama askari wa mpakani, anazunguka, anapuliza, anazunguka. Mwaka mmoja mama mmoja mnene mwenye heshima zake alitandika mkeka ukokani na kuukalia.

"Mzee, tumekaa tu, hatuli majani yako!"

"Benchi zipo, dada."

"Benchi moja, na sisi watu kumi na wawili!"

"Mngezaana kidogo kidogo," akasema Mjomba, na watu walicheka mpaka yule mama mwenyewe akacheka, akakunja mkeka, akampa kitunguu. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu wa kutukana, na hakupendelea mtu, wala mkubwa wa mji, wala padri, wala mke wake, ambaye kwa miaka yote hiyo alikula samaki wake wa sikukuu kwenye benchi kama watu wengine.

Hakupendelea hata mtoto wake, na hili lazima nilisome, kwa sababu Irini mwenyewe, aliyekaa pale mbele, alisema nikiliruka atasimama alisome yeye.

Jumapili tarehe 17 Julai 1994 Irini alifunga ndoa na Adel, na baada ya kanisa maharusi wakapitia Narjis kupiga picha, kama wafanyavyo maharusi wote wa upande wetu. Mjomba alikuwa na ruhusa siku hiyo, amevaa suti mpya na tai, lakini kipenga alikuwa nacho mfukoni, maana hakuwahi kutoka nyumbani bila hicho kama vile mwingine asivyotoka bila funguo. Mpiga picha akauona mti wa maua mekundu ulioota katikati ya uwanja wa ukoka, maua yamemwagika chini yake, akamshika bibi harusi mkono, akamwambia, "Njoo huku, binti mfalme, hapa ndipo penyewe," na Irini akaingia, hatua tatu, nne, shela inaburuzika juu ya ukoka, na anageuka kuwatafuta wazazi wake kwa macho ili nao waje.

Kipenga kikalia.

Kwanza watu walidhani ni mlinzi, wakaanza kumtafuta wamzomee. Kisha wakaona ni baba wa bibi harusi, amesimama na kipenga mdomoni na mkono umenyooka unaonyesha njia ya kutokea. Waliokaa kwenye mabenchi walicheka, na mtu mmoja akapiga kelele, "Hata bintiyo, Bwana Toka!" Irini alikusanya shela mikononi, akatoka ukokani, akapita mbele ya baba yake bila kumtazama, akaingia garini, na picha nyingine zote za siku hiyo akakataa kupigwa.

"Leo, Baba Irini?" Bi Afifa akasema. "Hata leo?"

"Mkono umekwenda wenyewe," akasema Mjomba.

Ingekuwa nyumba nyingine yangekwisha kwa maneno mawili, lakini huyu hakujua kuomba radhi na yule hakujua kuianza shari wala suluhu, mtoto wa nyoka ni nyoka, na mwezi Septemba Irini na mumewe wakahamia Melbourne, Australia, bado maneno hayajasemwa. Alikuja kututembelea mara mbili, akafikia kwa wakwe, na nyumbani kwao alikaa sebuleni, anapewa chai kwenye vikombe vya wageni. Alipopiga simu aliongea na mama yake, na Mjomba alikuwa amekaa kwenye kiti cha pili, gazeti usoni, anasubiri.

"Baba yako anauliza, huko mvua ipo?"

"Mwambie ipo."

"Anasema ipo," akamwambia mumewe, kisha kwenye simu, "Anauliza, ya kutosha?"

"Mwambie bustani za huku hazimhusu."

"Anasema inatosha sana," Bi Afifa alisema, na Mungu amrehemu, uongo wa namna hiyo naamini haukuandikwa kwake.

Mjomba alistaafu tarehe 3 Februari 2001, akarudisha kofia, na kila asubuhi akaendelea kwenda kukaa kwenye benchi la ukutani. Tarehe 12 Juni 2016 Bi Afifa akafariki ghafla, na kwa kuwa sisi tunazika kesho yake na Melbourne ni mbali, Irini hakuwahi. Akapiga simu jioni ya maziko. Ililia sana, wote tukatazamana, kwa sababu aliyekuwa akiipokea ndiye tuliyetoka kumzika, na mwisho Mjomba akainuka mwenyewe, akaishika kama mtu anayeshika kuku anayepigapiga mabawa, akasema, "Irini?"

Akajibiwa. Sisi sote tukawa tukingoja aseme lile lililomkaa kooni tangu mwaka tisini na nne.

"Huko mvua ipo?" akasema.

Tuliokuwa pale tulitamani kumnyang'anya ile simu. Lakini Irini alilia, na akiwa analia akamwambia kwamba ipo, kwamba inanyesha wakati huo huo dirishani, na tangu siku hiyo kila Jumapili alimpigia baba yake, wakazungumza habari za mvua, mawaridi, wajukuu Marko na Damiana, na bei ya samaki. Habari ya harusi hawakuigusa. Irini alimwambia Nassim kwamba hahitaji tena kuombwa msamaha, anataka kujua jambo moja tu, na hilo hawezi kuliuliza kwenye simu.

Moyo wa Mjomba ulianza kumsumbua mwaka 2021, miguu ikivimba, pumzi ikikatika kwenye ngazi, na baada ya kulazwa mara ya tatu daktari alituita pembeni. Irini akafika tarehe 8 Aprili mwaka huu wa 2023, akafikia nyumbani kwa baba yake, akapewa chumba chake cha zamani, na vikombe vya wageni vikabaki kabatini.

Tarehe 17 Aprili ilikuwa Sikukuu ya Kunusa Upepo, na Mjomba akataka kupelekwa Narjis, basi tukamvisha koti, tukamweka kwenye kiti cha magurudumu, Irini akasukuma, Nassim na mimi tukabeba samaki na vitunguu. Bustani ilikuwa imejaa, upepo mwanana unatoka baharini, mawaridi yamefunguka yote. Irini akasimamisha kiti ukingoni mwa ukoka, palepale baba yake alipozoea kusimama, na tukiwa hatujatandika hata kitambaa akauliza.

"Baba, siku ile ya harusi, uliponiona pale katikati, nilikuwa nimependeza?"

Mjomba akainamisha macho hadi ukokani.

"Sikukuona," akasema.

"Vipi hukuniona? Ulikuwa hapa."

"Niliona viatu. Visigino vimezama kwenye ukoka. Nikapuliza. Nilipoinua macho ulikuwa umeshanipa mgongo." Akafuta macho kwa ncha ya koti. "Miaka yote hii watu wananiambia Irini alikuwa mzuri pale katikati, na mimi nasema ndiyo, ndiyo. Sijui. Sikuona. Nenda pale, mwanangu. Nenda usimame nikuone."

"Baba, nina miaka hamsini na miwili."

"Nenda."

Irini akavua viatu, akavuka ukingo, akaenda hadi chini ya ule mti, na nywele zake nyeupe na sketi yake ya safari, akasimama. Mlinzi wa zamu alianza kuja mbio, akamtambua Mjomba, akarudi nyuma taratibu. Mjomba alitazama. Alitazama mpaka watu wa mikeka ya kando wakaanza kugeuka kuona anachokitazama, kisha akasema, si kwa sauti kubwa, "Kumbe."

Alifariki Jumanne tarehe 9 Mei 2023, saa nne asubuhi, hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa Irini na mwingine mkononi mwa Nassim. Ameacha watoto wawili, wajukuu wanne, dada mmoja ambaye ni mama yangu, na mji mzima uliowahi kupuliziwa kipenga naye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake kuhusu mimea iliyokuwa ikikauka madirishani mwa wodi, inawashukuru majirani wa ngazi yetu mliombeba kushuka na kupanda kila lifti ilipogoma, inamshukuru Baba Padri aliyemletea komunyo nyumbani, na inawashukuru wafanyakazi wenzake wa Narjis, wa zamani na wa sasa, mliomheshimu hata alipowakosoa akiwa mstaafu, jambo alilolifanya kila siku.

Neno la mwisho ni kuhusu picha iliyo pale mlangoni yenye utepe mweusi, kwa maana baadhi yenu mmetuuliza kwa upole kama hatukuwa na nyingine, ambamo marehemu anatazama mbele kama watu wote. Tunazo nyingi za kutazama mbele, kwenye kila kitambulisho, amekunja uso. Hii Nassim aliipiga kwa simu siku ile ya sikukuu, akamwambia, "Baba, tazama huku," mara mbili, naye akakataa kugeuka. Uso ule uliokunjuka mnaouona pale, ndugu zangu, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona kabla, na anayetazamwa ni Irini.

Mjomba Labib, umesimama miaka mingi. Sasa lala, upumzike, na Mungu akupokee kwa amani.