Alama Iliyo Chini ya Saruji

Sogeeni karibu, wanangu. Roland, kaa hapo juu ya sanduku, na wewe Maud nishike mkono huu wa kushoto, maana wa kulia sina habari nao tangu jana. Nisikilizeni mpaka mwisho bila kunikatiza, kwa sababu pumzi niliyobakiwa nayo ni ya safari moja tu, na nikisimama njiani sitaweza kuondoka tena.

Kitanda msikihamishe. Daktari anataka nipelekwe chumba cha nyuma kwenye jua, lakini mimi nitafia hapa mbele, juu ya barabara, nikiwasikia watu wakitoka kanisani kwenda baa. Katika mtaa huu hakuna ukuta ambao mkono wangu haujaugusa. Wageni wanakuja na kamera kupiga picha nyumba zetu jinsi zilivyoegemeana, ghorofa zake za juu zimetokeza barabarani, na wanasifu kwamba Marlhurst imetunzwa vizuri. Haikutunzwa. Niliiharibu mimi, nyumba baada ya nyumba, na leo mtajua vipi.

Mambo ya mali ni mafupi. Saa ya ukutani ya mama yenu ni ya Maud. Vifaa vyangu vya kazi visiuzwe wala visitundikwe baa kuwa pambo, vitupeni. Nyumba ni yenu nyote wawili, lakini ina sharti, nami nitalifikia.

Babu yenu alitufundisha kazi mimi na kaka yangu Ambrose, ambaye mlimwita baba mkubwa mpaka nilipowakataza. Nyumba za hapa ni nguzo za mwaloni, katikati yake fito na udongo, na juu yake lipu ya chokaa iliyochanganywa na nywele za farasi. Chokaa inapumua, maji yakiingia yanatoka, na mti unakaa mkavu miaka mia nne. Fundi akimaliza lipu ya chini, kabla haijakauka, anaandika herufi za jina lake na mwaka kwa ncha ya mwiko, halafu anazifunika kwa lipu ya juu, zisionwe na mtu ila fundi atakayekuja kubandua baada yake. Sahihi yetu ilikuwa hiyo, na hatukuwa na nyingine.

Kisha ikaja saruji. Chokaa inataka siku nyingi, inataka kufunikwa magunia mabichi, na wakati wa baridi haikubali kazi kabisa. Saruji unaipiga Jumatatu na Ijumaa mwenye nyumba anapaka rangi. Kila mtu akaitaka, nami nikawapa. Siku moja nilikuwa juu ya jukwaa kwa mchinja nyama, Ambrose akasimama chini akaniambia mbele za watu, "Wilf, unauvalisha mti koti la mpira. Utaoza humo ndani." Nikamjibu, "Nenda na wakati, kaka, au kaulize makaburini kama wao bado wanataka chokaa." Watu wakacheka, na nikafurahi walivyocheka. Tangu siku hiyo Ambrose hakukanyaga tena mlango huu.

Sasa nifikie duka la mikate la Pelling. Ambrose ndiye aliyelipiga chokaa mwaka wa hamsini na tano, na mimi nikaja kulifunika kwa saruji juu ya ile chokaa yake. Mwezi Machi mwaka wa sabini na tisa Pelling akaniita, sakafu ya juu inabonyea na duka linanuka uvundo. Nikatoboa chini ya ukuta, nikachomeka patasi kwenye boriti iliyobeba ukuta wote wa mbele, ikazama mpaka mpinini. Nilipoichomoa ilikuwa nyeusi, inadondosha maji.

Nilijua, wanangu. Msije mkanitetea kwamba sikujua. Ilikuwa niseme, "Pelling, funga duka, tutie magogo ya kuegemeza ukuta leo hii." Lakini kusema hivyo ni kusema kwamba nyumba nyingine kumi na moja zinaoza vilevile, na kwamba Ambrose alikuwa na haki siku ile waliyomcheka. Nikakoroga saruji nikaziba tundu. Na mkono, kwa mazoea yake, ukaandika W.G., Machi sabini na tisa, kabla sijapiga lipu ya juu. Pelling akaniuliza, "Vipi, Wilf, tuko salama?" Nikamwambia, "Utakufa uuache ukuta huu umesimama."

Ulisimama siku kumi na tisa. Alhamisi ya kuelekea Pasaka, asubuhi, ukuta wa mbele wote ukashuka barabarani, na chini yake alikuwa mtu mmoja, Dorcas, mke wa Ambrose, aliyekuja kununua mikate ya msalaba ya Ijumaa Kuu. Binti yao Hester, miaka tisa, alikuwa ng'ambo ya barabara akifunga kamba ya kiatu. Aliona yote.

Mimi nilifika wa kwanza. Nilifukua kwa mikono, nikaupata mkono wa Dorcas, na karibu yake nikaliona pande la saruji lenye herufi zangu. Nikauachia ule mkono nikaliokota lile pande. Nililificha ndani ya koti kwanza, ndipo nikaita watu.

Maji, Maud. Kidogo tu. Basi.

Wakuu wa serikali walipokaa kuchunguza kifo hicho, mimi ndiye waliyeniuliza kama fundi. Nikasema saruji ni nzima, chokaa ya chini ndiyo iliyoachia. Wakaleta kipande cha chokaa chenye A.G. wakakiweka mezani. Ambrose akasimama aseme, akanitazama, akangoja, na mimi nikaitazama kofia yangu. Hawakumfunga, ila hakuna aliyemwita kazini tena. Mwaka wa pili alimwambia mama yenu kwenye uzio, "Edith, labda nilikosea kipimo. Labda nywele zilikuwa chache." Mama yenu aliniletea maneno hayo mezani, nikaendelea kula. Kaka yangu alikufa akiamini kwamba yeye ndiye aliyemuua mkewe.

Na Hester aliamini hivyo hivyo. Mnadhani kwa nini akaenda kujifunza chokaa, mwanamke yule, akarudi na ngazi yake kubandua mtaa huu nyumba moja moja? Anasahihisha kosa la baba yake. Kosa lile halikuwa la baba yake, na mimi nimekuwa nikimtazama kwa dirisha hili mwaka wa kumi sasa akilibeba. Zote ameshazimaliza. Imebaki hii yetu.

Roland, niliwasikia kwenye ngazi mkipanga kuiuza nyumba hii. Mkaguzi wa mnunuzi anakuja Alhamisi, nawe ukasema mzibe nyufa mpake rangi. Ile ni sauti yangu, mwanangu, niliposimama mbele ya Pelling, na imeniumiza kuliko ugonjwa huu. Chukua patasi kajaribu boriti ya chini ya nyumba hii. Sharti ndilo hilo: isiuzwe, isipangishwe, asilale mtu humu baada yangu, mpaka saruji yote iwe chini na boriti ibadilishwe. Mkiiuza chini ya rangi, radhi yangu hamna.

Maud, gunia nililokutuma asubuhi umpelekee Hester, hukuniuliza lina nini. Sasa unajua: ni lile pande. Nimeliweka chini ya ngazi miaka ishirini na saba. Niliyoyasema leo yaandike, nitatia kidole, uyapeleke kwa waliochunguza, kisha kanisani yasomwe Jumapili. Msinizike karibu na Ambrose mpaka Hester akubali. Akikataa, upande wa kaskazini ukutani panatosha, na jiwe liwe na herufi mbili na mwaka.

Nyamazeni.

Mnasikia? Hiyo ni ngazi ya Hester inaegemezwa. Na hiyo ni nyundo. Roland, kaa chini! Usifungue dirisha kumkemea, usimwambie kuna mgonjwa, anajua. Mwache abomoe. Mungu awape, wanangu, ulimi mwepesi wa kukiri... mlale usingizi mimi nisioupata... muwe ndugu, mimi sikuwa...

Saruji inaanguka. Nzito, hee. Maud, nenda dirishani. Chungulia juu ya mlango, hapo anapobandua. Chokaa ya chini aliipiga Ambrose, ilikuwa zawadi ya harusi yetu, hakutaka hata chai. Kuna herufi. Mwambie Hester azitafute.

Anasemaje? Nisomee... "A.G., kwa Wilf na Edith." Ndiyo. Ndiyo, aliandika hivyo.

Mwambie aigonge hiyo chokaa. Kwa kifundo cha kidole, kama alivyokuwa akigonga baba yake... Iliyoachia hulia tupu. Muulize, imeachia?

Sema kwa nguvu, Maud, sisikii.

Imeshika.

Sema tena.