Shangazi na Protini Aliyoiita Shemeji

Ndugu, jamaa, majirani, nanyi mliofanya kazi na marehemu, familia imenituma mimi, binti wa kaka yake, niwasomee safari ya Shangazi yetu, na mkiniona nacheka katikati msinishangae, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kufika mwisho wa kisa bila kucheka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, ambako babu alikuwa mchemsha sabuni, na kwa kuwa vipande vilivyovunjika aliruhusiwa kuja navyo nyumbani, kila kitu pale kilioshwa, sahani, madirisha, hata kuku, naye Shangazi akakua akiamini hakuna tatizo lisilopungua likisuguliwa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, sekondari mwaka 1975, na mwaka 1981 akaingia chuo kikuu kusomea kemia ya viumbe hai. Tarehe 5 Desemba 1987 alifunga ndoa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa za bweni lao, ambaye anakiri kwamba taa moja aliiacha mbovu makusudi ili apate sababu ya kurudi, na mwaka 1990 wakajaliwa mtoto wa kiume. Mwaka 1999 mama yangu alipofariki, Shangazi alinichukua, hakuuliza nitakaa mpaka lini, alitoka tu dukani na mswaki wa nne akauweka kwenye kikombe pamoja na mingine.

Februari 1993 alikuwa ameajiriwa na taasisi ya utafiti, katika maabara ya ghorofa ya pili inayotazama maegesho ya magari, na huko ndiko mwaka 2009 alikoikuta, ndani ya seli za ini, protini ndogo ambayo hakuna aliyejua kazi yake. Alitueleza mezani kwamba protini ndizo wafanyakazi wa mwili, hii inabeba, ile inakata, nyingine inafagia, lakini hii yake imekaa tu, kwa hiyo akaiita Shemeji, kwa heshima ya mdogo wa mumewe aliyekuja kwetu kwa wiki mbili akakaa kwenye kochi miaka minne. Shemeji mwenyewe yule pale mstari wa mbele, ndiye aliyenisihi hilo nisiliruke.

Alitengeneza kemikali yake mwenyewe, ambayo kama protini ingeikata ingewaka rangi ya kijani, na kila wiki alivichanganya, na kila wiki mrija ulibaki vilevile kama maji ya bomba. Mwaka 2016 mkuu wa idara alimwambia kwa upole kwamba ikifika mwisho wa Agosti jokofu alimohifadhi protini hiyo litatumika kwa kazi nyingine, na sampuli zake zitatupwa. Hapo ndipo nilipomwona Shangazi ameacha kutania, akasema anaogopa kustaafu bila kujua alichokitunza kilikuwa nini, na kwa kuwa alidhani uchafu ndio unaomzuia Shemeji kufanya kazi, akazidi kuiosha protini ile kwa maji yenye dawa kali, akimaliza anarudia.

Tarehe 9 Agosti, saa nne asubuhi, uchungu ulinishika nikiwa peke yangu, mume wangu yuko safarini, nikampigia yeye. Alikuwa katikati ya kuosha. Mwenzake wa maabara, dada mrefu tunayemwita Twiga, anasema alimfuata mpaka kwenye ngazi akiuliza, "Sasa mama, niendelee kuiosha?" naye akajibu bila kugeuka, "Achana nayo, mtoto anakuja!" Twiga akaiweka kwenye jokofu hivyohivyo, haijatakata, na kesho yake, kabla ya kuimwaga, akaidondoshea ile kemikali kwa mazoea tu.

Ikawaka kijani.

Twiga alikimbilia wodi ya wazazi na koti lake la maabara, muuguzi akamzuia mlangoni, "Wewe nani kwa mzazi?" naye kwa kuhema akasema ana habari za Shemeji, akaambiwa mashemeji wasubiri nje. Shangazi alitoka amembeba binti yangu, akasikiliza, akakaa chini palepale kwenye korido. Alikuwa ameshaelewa: ile dawa ya kuoshea ilikuwa inaondoa chembe za madini ya zinki ambazo protini hushikilia ili iweze kukata mabaki ya protini zilizochakaa. "Miaka saba," alisema, huku machozi na kicheko vikimtoka pamoja, "namnyang'anya mtu jembe, halafu namlaumu halimi!" Jokofu hawakulichukua, kosa lake akaliandika wazi ili wengine wasilirudie, na mwanangu mpaka leo anaitwa Zinki.

Alistaafu mwaka 2021. Januari 2023 moyo wake ulianza kuchoka, akawa analazwa na kuruhusiwa, na wauguzi walimpenda kwa sababu alikunja shuka zake mwenyewe. Jumamosi iliyopita Zinki alimpaka rangi ya kucha, ya kijani, ikaenda mpaka kwenye ngozi, na asubuhi ya Jumapili, tarehe 20 Oktoba 2024, alituacha akiwa usingizini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia bila kuombwa, na wenzake wa maabara, ambao gari lao lilimpeleka kliniki kila mwezi, na dereva hakuwahi kupiga honi, alishuka akamshika mkono.

Jana tulipokuwa tunamwandaa, mama mdogo alileta pamba na dawa ya kufuta zile kucha, akisema hazipendezi. Twiga, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema taratibu, "Ziacheni, jamani. Tulishawahi kuosha kupita kiasi." Mama mdogo aliziangalia kidogo, akairudisha pamba kwenye mkoba.

Pumzika kwa amani, Shangazi. Hatujakunyang'anya kitu.