Mwavuli Ambao Sikumweleza Mama

Ndugu zangu, amani iwe kwenu. Nimeambiwa nina dakika kumi na tano, na mwenyekiti wa semina ameshaweka saa yake mezani, kwa hiyo sitazunguka. Wengi wenu mnanijua. Mimi ndiye yule fundi miavuli wa pale karibu na soko, ninayechechemea. Mwaka ule wa mvua za elinino nyie wote mlipita kwenye kibanda changu, hata hawa wanaojifanya leo hawanijui. Chekeni tu. Hakuna aliyewahi kuniuliza huu mguu uliumiaje, na ninawashukuru, maana ningewadanganya. Nimeshadanganya wengi kuhusu huu mguu. Leo nimesimama niseme kweli, na mama yangu yupo pale karibu na mlango, ananisikia.

Mimi nimezaliwa Ugalla. Marehemu mzee wangu alikuwa mrina asali, anatundika mizinga kwenye miti mirefu kule porini. Kwetu kulikuwa na desturi moja. Mtu hapandi mti kimya kimya. Asubuhi kabla ya kuondoka, mzee anakaa na mama jikoni, anamweleza: leo naenda mti wa kando ya mto, una tawi moja kavu upande wa jua linapotoka, hilo sitalikanyaga, kamba ni hii hapa iangalie, kesho kutwa nisiporudi waambie fulani na fulani wanitafute. Mama anasikiliza, anaishika ile kamba, anaivuta, anauliza maswali. Akiridhika anasema, "Haya, panda." Bila hayo maneno mzee haondoki. Nimeona siku ambayo mama alikataa kwa sababu ya kamba, na mzee akavua viatu akakaa. Alipanda miti maisha yake yote, na kilichokuja kumuua ni homa, kitandani, mama akiwa amemshika mkono. Hayo yakumbukeni, nitayarudia.

Mimi sikutaka asali. Nikaingia kazi ya serikali, kazi ya sare, nisiitaje zaidi ya hapo. Tukahamia hapa Shanwe, mama na mke wangu wakabaki hapa, mimi nikawa huko mbali kazini. Basi, miaka ile vyama vingi vinaanza, wakaja kutafuta vijana wa kufundishwa kuruka kutoka kwenye ndege kwa mwavuli. Aliyemaliza anashonewa mabawa kifuani. Ndugu zangu, nawaambia, niliyaona yale mabawa kwenye shati la mwalimu wetu nikayatamani kama mtoto anavyotamani andazi la mwenzake.

Na yule mwalimu hakutuficha kitu, msije mkasema alituhadaa. Alitukalisha chini akatuambia: kamba zinaweza kujisokota, upepo unaweza kukupeleka kwenye miti, ukitua miguu imeachana utavunjika. Wengi wanaruka wanarudi wazima, lakini siwezi kukuahidi wewe. Halafu akagawa fomu. Ilikuwa na mahali pa mzazi au mwenza kuweka sahihi au dole gumba, kwamba ameelezwa hatari na ameelewa. Akasema, "Chukueni likizo ya siku saba. Nendeni mkawaeleze watu wenu. Asiyeweza kueleza nyumbani, asipande ndege yangu."

Nikapanda treni kuja Mpanda na fomu yangu kwenye begi. Kuanzia Tabora nilikuwa napima. Nikasema, nikimweleza mama, atalia, atakataa. Nikimweleza mke wangu, ana mimba ya miezi mitano, atalia zaidi. Kaliua nikaona nitaeleza nusu. Kufika stesheni hapa nimeshaamua nitaona huko huko. Mnaona? Nilikuwa napima vilio vya watu. Hatari yenyewe sikuipima hata kidogo.

Jioni tunakula ugali na migebuka, mama akauliza, "Hiyo kazi mpya uliyoandika kwenye barua ni kazi gani?"

Nikasema, "Nimechaguliwa kikosi cha miavuli, Mama."

Akaacha tonge. "Miavuli? Ya kuwakinga wakubwa?"

Sasa nyie mlikuwepo wakati askofu alipokuja kutoa Kipaimara. Mnakumbuka alivyotembea kutoka kwenye gari hadi kanisani, na kijana mmoja nadhifu nyuma yake amemshikia mwavuli. Mama alimpenda sana yule kijana. Kwa hiyo akiniangalia pale akamwona yule, mimi nimevaa sare iliyopigwa pasi, namkinga mkubwa fulani jua. Uso wake ulivyong'aa siwezi kuwaeleza.

Nilifungua mdomo niseme siyo. Namwambia Mungu kila siku kwamba nilifungua. Lakini kilichotoka ni, "Ndiyo, Mama. Kitu kama hicho."

Kitu kama hicho! Mama akapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza tumepata nini.

Mke wangu hakupiga. Yeye ana macho. Tulipoingia chumbani akasema, "Baba Mtoto, huo mwavuli wa kusafiri kutoka kote huko kuja kutuaga ni mwavuli gani?" Nikamwambia serikali ndivyo ilivyo, kila kitu ni likizo na barua. Akaniangalia, akageukia ukutani. Siku zile chache za nyumbani nilichota maji, nilipasua kuni, nilipaka udongo jiko la mama. Mtu mwenye hatia ana bidii sana, sijui kama mmewahi kuliona hilo.

Fomu niliijazia kwenye treni wakati wa kurudi. Nilipasua kalamu, nikapaka wino dole gumba langu la kushoto, nikalikandamiza pale palipoandikwa mzazi. Hapo juu pameandikwa, nimeelezwa na nimeelewa. Wino haukutoka kwa siku mbili. Nilikuwa nakula nimeficha mkono.

Nikaruka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, salama. Mara ya nne, tumesimama mlangoni mwa ndege, kelele, upepo, mwalimu ananikagua mikanda. Akanipigia kelele sikioni kama alivyompigia kila mtu, "Nyumbani wanajua?" Nikajibu, "Wanajua!" Akanipa ishara. Na mimi badala ya kutoka nimejikaza na kuangalia mbele kama tulivyofundishwa, niligeuza shingo kumwangalia. Nilitaka nione kama ameniamini. Nikatoka kiupande, na zile kamba zikajisokota juu ya kichwa changu.

Kosa lilikuwa langu. Mwavuli haukuwa na tatizo. Nilipiga mateke hewani kama mtu anayeendesha baiskeli, ndivyo tulivyofundishwa kuzifungua, na zikafunguka, lakini ardhi ilikuwa imeshafika. Nilitua miguu imeachana. Paja likavunjika, na nyonga.

Rafiki yangu mmoja wa huko alinionea huruma akakimbia posta kupiga simu ya maandishi kwa mama. Akaandika kwa ufupi: AMEUMIA, MWAVULI HAUKUFUNGUKA VIZURI, YUKO HOSPITALI.

Mama hajui kusoma. Akasomewa na mzee mmoja hapo jirani. Na mama, ndugu zangu, akacheka. Alicheka akashika mbavu. Akasema, "Huyu mtoto toka zamani hana mikono! Chuma cha mwavuli kimembana kidole!" Jumapili ile akawasimulia akina mama hapo nje ya kanisa, na baadhi yenu mlicheka naye, msikatae. Akasema serikali nayo inadekeza watu, kidole tu mpaka hospitali. Halafu akachukua chupa ya asali, ile nzito ya Ugalla aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya uzazi wa mke wangu, akampa mke wangu, akamwambia, "Mpelekee. Apake kwenye kidole mara mbili kwa siku."

Nikiwa kitandani, mguu umefungwa plasta na kuning'inizwa kwa mawe ya kupimia uzito, ninamwona mke wangu anaingia wodini. Mimba miezi saba, amekaa kwenye treni siku mbili, miguu imemvimba. Ameshika ile chupa imefungwa kwa kanga. Akasimama mwisho wa kitanda. Akaangalia mguu, akaangalia yale mawe, akaniangalia mimi. Hakulia. Akasema, "Kidole kiko wapi?"

Sikuelewa. Nikasema, "Kidole gani?"

Akasema, "Mama yako ametuma asali ya kidole. Nionyeshe kidole niipake nirudi."

Hapo ndipo nilipoelewa yote, kwamba siku niliyokuwa napiga kelele nikivutwa mfupa, mama yangu alikuwa anacheka. Na mimi ndiye niliyempa kicheko hicho. Nililia wodi nzima ikanyamaza. Mke wangu akakaa, akaweka chupa sakafuni, akaniambia, "Sitamweleza. Utamweleza wewe, kwa mdomo wako. Na usiseme kitu kama hicho."

Kumbe alisikia. Siku ile mezani alisikia, akaningoja niseme, sikusema.

Nilirudi Mpanda kwa magongo, kazi imekwisha. Mama alikuja stesheni amevaa kitenge kipya. Alikuwa anatafuta mtu mwenye bandeji mkononi, akanipita mara mbili. Mara ya tatu akaona magongo, akaona ni mimi. Sijawahi kuona uso ukizimika namna ile. Njia nzima mpaka Shanwe hakuuliza kitu. Na toka siku hiyo akaacha kwenda kanisani. Mkawa mnauliza mama ana nini, sisi tunasema anaumwa miguu. Alikuwa anaona aibu ya kile kicheko. Wiki tatu nzima alibeba dhambi yangu mgongoni kwake, na mimi namwangalia, naogopa kuitua.

Kilichonisukuma ni mtoto. Mke wangu alijifungua, mama akamshika mjukuu, nikamsikia anamnong'oneza, "Bibi yako mjinga, bibi yako alimcheka baba yako akiwa anakufa." Nikasimama hivyo hivyo, nikachukua bahasha ya makaratasi niliyopewa nilipoachishwa kazi, nikatoa nakala ya ile fomu, nikaiweka magotini kwake.

Akauliza, "Hili dole la nani?"

Nikasema, "Langu, Mama. Nimeliweka badala ya lako."

Akanyoosha dole gumba lake la kushoto. Lina kovu la kisu cha mihogo, limekata katikati toka kabla sijazaliwa. Akalilinganisha. Akasema, "Hata kunidanganya hujui. Mimi dole langu lina njia mbili."

Basi nikamweleza. Mwavuli ni nini, ndege ni nini, kamba zinafungwaje, nilitokaje mlangoni, niligeuka kwa nini. Nilichukua kanga, nikafunga kamba pembe zake nne, nikaning'iniza jiwe chini yake, nikairusha juu aone. Nilieleza mpaka chai ikapoa. Mama akauliza maswali, tena maswali makali: hizo kamba nani anazikagua? Ukitua kwenye miti wanakushushaje? Mkirushwa kumi wangapi wanaumia? Ndugu zangu, yule mama asiyejua kusoma aliuliza mambo ambayo mimi sikumwuliza mwalimu.

Mwisho maswali yakaisha. Nikasema sasa atanilaani. Akasema, "Baba yako alikuwa ananieleza tawi bovu. Kila siku. Ulifikiri mimi sikuwa naogopa? Nilikuwa naogopa, na nilikuwa nasema panda. Ungenieleza vile unavyonieleza leo, ningekwambia panda."

Hilo neno ndilo linaloniuma kuliko nyonga. Nilimficha mtu ambaye angeniruhusu. Na ningetoka kwenye ile ndege nikiangalia mbele.

Halafu akamtuma mtoto wa jirani kwa mwenyekiti wa mtaa kuazima wino. Akalowesha dole lake lenye njia mbili, akalikandamiza pembeni ya langu. Akasema, "Sasa nimeelezwa. Sasa nimeelewa." Jumapili iliyofuata mkamwona kanisani. Sasa mnajua alikuwa amepona nini.

Dakika zangu zinaisha, naona mwenyekiti anaigusa saa. Nawashukuru wauguzi walionigeuza kitandani wiki na wiki. Nawashukuru nyie mlioniletea miavuli mibovu, mingine nadhani mliivunja makusudi ili nipate kazi. Mke wangu nitamshukuru nyumbani, hapa hapatoshi. Somo ni hili tu: ukiwa na jambo la hatari, usipime machozi ya watu wako kwa niaba yao. Waeleze tawi bovu liko wapi. Wao watajua kulia au kusema panda. Na neno lenye maana mbili, mama yako akichukua ile iliyo nyepesi, mrudishe palepale kabla hajapiga kigelegele.

Nina jambo moja la mwisho, na sijamwambia mama kwa sababu nilitaka kulisema hapa, nisiweze kulipunguza.

Mama, ninataka kurudi Ugalla kutundika mizinga mitano ya mzee iliyobaki. Mguu wa kushoto haukunjiki vizuri. Nitatumia ngazi mpaka kwenye panda ya kwanza, pale matawi yanapoachana, sitaenda juu zaidi. Mti mmoja una tawi kavu upande wa mto, hilo sitaligusa. Shemeji atakuwa chini. Alhamisi jioni nitakuwa nimerudi, nisiporudi waje Ijumaa asubuhi. Tawi bovu ndilo hilo, Mama. Hakuna lingine nililoficha.

Anasemaje? Naomba mnipe nafasi nisikie.

Anauliza kamba ni ya lini.

Ya mzee, Mama. Ile ya zamani.

Mmemsikia? Anasema kamba ya marehemu ikae ukutani, ninunue mpya, nimletee aivute kwanza kwa mkono wake.

Haya, Mama. Nitaileta.