Macho ya Mwanangu Kabla Kitovu Hakijaanguka

Mama zangu, baba zangu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma, nimeomba kusema baada ya sala kwa sababu nawaona hapa mbele mabinti wenye mimba. Majina ya watu sitataja, ila mambo yenyewe sitayaficha.

Nilizaa mtoto wangu wa kwanza wakati wa mvua, nyumbani kwa wakwe zangu, upande wa Masumbwe. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita, na nyumbani alirudi mara chache. Nilikaa na mama mkwe, niliyemwita Mayu kama wanawe wanavyomwita mama yao, pamoja na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Shemeji haoni. Nilidhani alizaliwa hivyo, na hakuna aliyeniambia vingine.

Mtoto alikuwa wa kike, mzima, ananyonya vizuri. Kulipokucha nikaona kope zimenata, nikampangusa. Asubuhi iliyofuata macho yalikuwa yamevimba mpaka ngozi inang'aa, na usaha wa njano unamtoka hata akilala. Mayu akamkamulia maziwa yangu machoni, akasema watoto wengi huanza hivyo. Jirani naye akaleta maji ya majani aliyoyaponda. Mayu alipomtia tone la kwanza, mtoto alilia mpaka sauti ikakatika. Nikafunika bakuli kwa mkono wangu, nikasema basi.

Ndugu zangu, nawaambia, kumkatalia mkwe ukiwa bado uko kitandani kwa uzazi si jambo dogo.

Zahanati ya misheni ilikuwa ng'ambo ya mbuga, mwendo wa kutwa, na mbuga ilikuwa imejaa maji. Nikamwambia Mayu nataka kwenda. Akasema mzazi hatoki nje kabla kitovu cha mtoto hakijaanguka. Nikitoka mtoto atakufa, na yeye atamwambia nini mwanawe? Akavuta kigoda, akakaa mlangoni. Msimwone mkatili. Alikuwa anaogopa, nami naogopa, kila mmoja na hofu yake.

Nikampakatisha mtoto, nikamwomba amfungue jicho aangalie mwenyewe. Akaachanisha kope kwa vidole. Usaha ukatiririka hadi shavuni, na ndani yake, pale peusi pa jicho, palikuwa pameanza kuingia ukungu. Lakini hakuinuka.

Ndipo shemeji akasema kutoka uani, alikokuwa anasokota kamba. Alikuwa ametusikia tangu mwanzo.

"Mayu, macho yangu mimi yalianzaje?"

Mama mkwe aliendelea kumpangusa mtoto shavu.

"Yalianza hivyo hivyo. Shangazi aliniambia kabla hajafa. Mlisubiri kitovu changu kianguke. Kilipoanguka, macho yalikuwa yamekwisha. Mwache aende, Mayu. Kitovu kitaanguka hata njiani."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililotuumiza. Yule mama alijifunika uso kwa kanga, akakaa hivyo. Halafu akainuka, akasogeza kigoda. Nilidhani ananipisha tu. Kumbe alikwenda kuchukua fimbo na ngozi ya kubebea mtoto, akamfunga mgongoni mwake yeye.

"Wewe huna nguvu," akaniambia. "Nitambeba mimi."

Tukaondoka jua likiwa bado chini. Mliopita mbuga ile masika mnaijua. Udongo mweusi unavuta mguu kama hautaki kuuachia. Damu ya uzazi ilikuwa inanitoka, kichwa kinazunguka. Tulipofika mtoni maji yalitufika kiunoni, Mayu akamfungua mtoto, akamwinua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili. Katikati ya mto aliteleza. Nilimshika nguo, tukayumba wote, mtoto akiwa bado juu. Tulipotoka upande wa pili nikagundua kwamba mtoto halii tena. Kimya kile kilinitisha kuliko kilio. Nilikuwa naweka mkono puani mwake kila baada ya hatua chache.

Tulifika jua likizama. Mwuguzi, mwanamke wa makamo, hakungoja hata shikamoo zetu ziishe. Alimwosha macho kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, yakapozwa, kwa kitambaa safi, kisha akamtia dawa. Kila alipomaliza usaha ulijaa tena, naye akaanza upya. Akatufundisha, nikawa napokezana na Mayu. Alituambia wazi kwamba jicho la kulia lina tumaini, la kushoto hajui. Tungechelewa hadi kesho yake, alisema, asingetuahidi hata moja.

Tukaosha na kuosha, siku zikapita bila jibu. Hatimaye uvimbe ukapungua. Asubuhi moja Mayu alimpitisha karibu na dirisha, akasimama ghafla, akarudi nyuma, akampitisha tena.

"Anafuata mwanga," akasema. Akaketi chini, akalia.

Kitovu kilikuwa kimeshaanguka, hapo hapo zahanati. Wala hatukukumbuka kukingoja.

Sasa niseme lile gumu, na wanaume wasiinamishe vichwa. Mwuguzi alinieleza kwamba ugonjwa ule mtoto aliupata kwangu wakati wa kuzaliwa, nami niliupata kwa mume wangu. Nilipomtumia mume habari alikuja amekasirika. Lakini alipomwona mtoto alikubali kutibiwa, nami nikatibiwa, na matibabu yalikuwa marefu. Mtoto wetu wa pili alitiwa dawa machoni mara tu alipozaliwa, hakuugua.

Binti yangu ndiye yule mwenye gauni jeupe. Jicho la kushoto lina kovu, haoni nalo vizuri. La kulia ndilo linalonitungia uzi kwenye sindano.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mwuguzi yule, na Mayu aliyempitisha mwanangu juu ya maji. Na namshukuru shemeji yangu, aliyesema lililomuuma mbele ya mama yake ili mtoto wa mwenzake aone.

Mabinti, mtoto akizaliwa mwangalieni macho siku hiyo hiyo. Yakivimba, yakitoa usaha, msitie maziwa wala majani, wala msimngoje mume arudi. Mbebeni mwende, hata kama mvua inanyesha.