Kuku Kumi na Mmoja wa Mwalimu Leonidas

Ukoo wa Misigiri, kwa huzuni isiyo na kipimo, unautangazia umma kuanguka kwa jabali la elimu, taa ya Iramba, bingwa wa vinasaba na mtetezi wa mkewe: Mwalimu Leonidas Kefa.

Marehemu alizaliwa Misigiri tarehe 14 Aprili 1957. Alisoma hapo hapo kijijini, kisha sekondari Singida mjini, na mwaka 1981 alihitimu ualimu Morogoro. Alifundisha biolojia Kiomboi miaka thelathini na mitano. Waliopita mikononi mwake wanakumbuka alivyopanga punje nyeusi na nyeupe za alizeti mezani, mbili mbili, akieleza kwamba kila sifa ya kiumbe huja kwa jozi, moja ya baba na moja ya mama, na kwamba iliyo dhaifu hujificha kimya hata vizazi vitatu, ikingoja kukutana na mwenzake. Aliyesinzia alipewa punje azitafune.

Tarehe 20 Septemba 1986 alifunga ndoa na Martina wa Mtinko. Mtoto wao wa kwanza, Kefa, alizaliwa 1988. Tarehe 6 Machi 1991 akazaliwa Eliza, mwenye ualbino.

Kwa desturi ya nyumba yetu, shangazi humkagua mtoto mchanga, masikio mpaka vidole vya miguu, amtafute babu yupo wapi. Shangazi Rahabu, dada mkubwa wa marehemu, alimgeuza Eliza mara mbili, akamrudisha kwa mama yake na kusema huyu si wetu. Aprili mwaka huo Martina alirudishwa kwao na mtoto mgongoni. Mwalimu, aliyekuwa amefundisha somo lile darasani wiki hiyo hiyo, hakusema neno.

Wiki moja baadaye alinunua mnadani jogoo mweupe na tembe mweusi. Vifaranga wao wote walitoka weusi. Jogoo mweupe akachinjwa Krismasi. Wale weusi walipokua, Mwalimu aliwafungia banda moja, kufuli akaweka yeye, funguo akavaa shingoni kama rozari, na sisi ni Walutheri. Mke wake yuko Mtinko, yeye yuko bandani. Majirani walishasema amerukwa na akili.

Juni 1992 aliita ukoo mzima. Wale weusi walikuwa wametotoa vifaranga kumi na mmoja, na kati yao weupe watatu.

"Baba mweusi, mama mweusi," alisema. "Aliyezini hapa ni nani?"

Shangazi Rahabu alimjibu kwamba jogoo wa jirani anajua kuruka.

"Jogoo mweupe aliyewahi kukanyaga hapa ni mmoja tu, dada. Tulimla Krismasi. Paja ulikula wewe."

Ndipo akawaeleza polepole: weupe ule wa babu yao ulikuwa umefichwa na baba na umefichwa na mama, na hauwezi kutokea mpaka wote wawili wautoe. Maana yake Eliza alipewa nusu na Mtinko na nusu na Misigiri. Shangazi, ambaye yupo hapa na ameruhusu haya yasomwe, ndiye aliyepanda basi kumfuata wifi yake. Alipiga magoti mlangoni kwao.

Mwaka 2019 marehemu aligundulika kuwa na kisukari, ambacho alisema ndicho shamba pekee alilorithi kwa mama yake bila ugomvi. Figo zilifuata. Alilazwa hospitali Kiomboi mwezi Januari, akafariki tarehe 9 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, Martina akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Martina, watoto wawili, Kefa na Eliza, wajukuu wanne, dada yake, Rahabu, na kuku ambao hakuna aliyewahi kuthubutu kuwauza. Mwalimu, lala salama. Mungu akupe pumziko ambalo kufuli lile halikukupa.

Wasifu huu, kabla hatujaongeza siku ya kifo, Eliza alimsomea wodini, maana alikataa kuzikwa na karatasi ambayo hajaisahihisha. Alipomaliza kusomewa, Mwalimu akaagiza mstari wa kwanza ufutwe wote. Tumeuacha, kwa ubishi ambao tumeurithi kwake. Eliza alimuuliza, Baba, kwani uongo uko wapi?

"Mtetezi gani," alisema, "na mama yako alikaa Mtinko miezi kumi na minne."