Mita Moja na Nusu ya Mama Orpha Ngalula

Tarehe 30 Juni 2025, Mama Orpha Ngalula anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi katika idara yetu ya barabara hapa Likasi. Aliingia mwaka 1992 kama karani wa kunakili barua, akajifunza upimaji kwa kuwafuata mafundi kazini, na anaondoka akiwa mkaguzi wa njia za waenda kwa miguu. Kamati ya sherehe iliniomba wasifu mfupi wa kuchangamsha. Nitajaribu, ila nina hasira ambayo nimekaa nayo muda mrefu.

Tuanze na ya kuchekesha. Mama Orpha alitembea na fimbo ya mwanzi yenye urefu wa mita moja na nusu, upana ambao njia ya miguu inapaswa kuwa wazi, na popote fimbo hiyo ilipogonga kitu, aliandika. Asubuhi moja iligonga gari la mkuu wetu mwenyewe, lililopanda juu ya njia ya miguu mbele ya ofisi. Aliandika namba yake kama alivyoandika nyingine zote, kisha akamwomba dereva alisogeze. Dereva alilisogeza. Sisi tulikuwa dirishani tumebana vicheko.

Mwaka 2017 alipewa barabara ya soko. Malori ya madini kutoka Kakanda hupita pale mchana kutwa, na njia ya miguu ilikuwa imejaa meza za wachuuzi, mifuko ya saruji na magari ya wenye maduka. Baba Barthélemy, fundi viatu anayetembelea kigari cha kusukuma kwa mikono, alilazimika kushuka barabarani na kwenda sambamba na malori hayo. Mama Orpha alikaa pembeni siku sita akihesabu. Kwa saa moja tu, watu mia mbili na kumi na wawili walishuka barabarani kwa kukosa pa kupita.

Alipowaambia wachuuzi wasogee nyuma, walikataa. Mama Clotilde, muuza makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi, alisema kwa niaba ya wote: "Ukinitia kule nyuma, nani ataniona? Miye niko na batoto bane ba kulisha."

Kesho yake Mama Orpha alirudi na Baba Barthélemy, akamwomba Clotilde akae kwenye kile kigari, aende nacho hadi kwenye duka la mikate. Clotilde alikwama kwenye meza ya tatu. Akashuka barabarani, lori likampigia honi mgongoni. Aliporudi, alianza kukunja turubai lake.

Lakini Mama Orpha naye alikuwa amemsikia Clotilde. Alichora upya mpango wote. Mfereji wa kando ya barabara ufunikwe kwa zege, meza zikae juu yake upande wa barabara, ambako wateja wanaziona, na nguzo fupi za mawe ziwakinge wachuuzi na malori. Kati ya meza na maduka ibaki mita moja na nusu tupu. Kila pembe iwe na mteremko wa vigari, na matuta mawili yapunguze mwendo wa magari. Wachuuzi walibeba mawe wenyewe. Kufikia Krismasi zege lilikuwa bado na mfereji ulifunikwa kwa mbao tu, lakini nguzo na meza zilikuwa mahali pake, na Baba Barthélemy alipita bila kuomba njia.

Mwenye duka moja la vifaa vya ujenzi hakupenda, kwa kuwa nguzo zilizuia magari yake kupanda. Alikuwa rafiki wa mkuu wetu wa wakati ule. Machi 2018 ikaja amri ya kung'oa nguzo na kuvunja meza, eti kwa ajili ya usalama barabarani. Magari hayakutajwa. Mama Orpha alikataa kutia sahihi. Alimwambia mkuu mbele yetu kwamba meza hazijamuua mtu, na kwamba hatari ni gari linaloegeshwa mahali pa kupita watu. Siku hiyohiyo alihamishiwa chumba cha kumbukumbu.

Aliyetia sahihi ni mimi.

Meza zilivunjwa asubuhi moja. Makayabu ya Clotilde yalitupwa mferejini. Wiki ya tano baada ya hapo, magari yakiwa yameijaza tena njia ya miguu, Baba Barthélemy alishuka barabarani na lori likamgonga, kando ya mahali palepale alipokuwa amezoea kupita salama. Alipona, lakini mkono wake wa kulia haushiki tena sindano ya viatu. Siku hizi mkewe, Marlène, ndiye anayeshona. Ripoti ya ofisi yetu ilisema ajali imetokana na uzembe wa mwendesha kigari. Uzembe! Mtu tuliyemsukuma barabarani wenyewe!

Nilishuka kwenye chumba cha kumbukumbu kumwomba msamaha Mama Orpha. Alinitazama akasema, "Weye ulijua, Floribert." Kisha akaendelea kutafuta jalada. Lilikuwa lile lenye hesabu zake za siku sita. Alilipeleka mwenyewe mbele ya tume iliyochunguza ajali, na kwa miaka miwili aliitwa, akasubirishwa kwenye mabenchi, akaambiwa arudi kesho. Alirudi kila mara. Mimi nilikwenda mara moja, kukiri sahihi yangu.

Mwaka 2021 nguzo zilirudi, na safari hii zege, miteremko na matuta vilijengwa pia. Ripoti ya uzembe ilifutwa, na Mama Orpha akarudishwa kwenye ukaguzi. Siku ya uzinduzi wakubwa walikata utepe na kushukuriana, na jina la Mama Orpha halikusomwa. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyegongwa kwenye kipande kile. Basi lisomwe leo, kwa sauti: kazi ile ni ya Orpha Ngalula.

Anaondoka, na hadi ninapoandika haya hakuna aliyeteuliwa kushika nafasi yake. Tumepata muda wa kuagiza keki, hatujapata muda wa kumtafuta mkaguzi. Hilo ni aibu, na ninaliandika kwenye programu hii ya sherehe ili walioketi viti vya mbele wawe nalo mikononi.

Mama Orpha, asante kwa niaba ya kila anayetembea mji huu, kwa miguu au kwa magurudumu. Mungu akupe afya na siku nyingi zenye amani na wajukuu zako kule Kikula. Pumzika, mama yetu. Ila sisi usituache tupumzike.

Floribert Kalenga, idara ya barabara